Sehemu ya Kumi ya Eka

Nasema nanyi, wasikilizaji wangu, nyinyi mlioko mjini Kisii na nyinyi mlioko Nyamira, Keroka, Ogembo, Nyansiongo na Manga, na hata nyinyi mliokwenda kutafuta riziki mbali na Gusii lakini masikio yenu yangali huku nyumbani. Jioni hii sikuja kuzungumza juu ya siasa wala juu ya bei ya majani chai, ijapokuwa najua kwamba mambo hayo mawili ndiyo yanayotawala mabaraza yenu. Nimekuja kuzungumza juu ya kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na juu ya mtoto wa kigeni aliyekanyaga kipande kama hicho hali hana kitu, akatoka juu yake hali jina lake linatajwa katika mabara yote.

Naanza na ardhi kwa sababu nasema na watu wa vilima hivi. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na watu 605,576 katika kaunti ya Nyamira, nao aghalabu wanaishi juu ya mashamba ambayo babu aliyagawa kwa baba, na baba akayagawa kwa wanawe, hata leo mtu akisimama mlangoni pake aweza kuhesabu migomba ya jirani yake shina kwa shina. Katika nchi kama hii, mwenye kuomba mahali pa kuchezea watoto hutazamwa kama mwenye kuomba anasa, kwani uwanja kamili wa kandanda, wa mita 105 kwa mita 68, unachukua eka moja na robo tatu, na mzee gani wa Gusii atatoa eka moja na robo tatu kwa ajili ya mpira? Lakini uwanja wa mpira wa vikapu una mita za mraba 420 tu, ambazo ni kama sehemu ya kumi ya eka, na viwanja 17 vya namna hiyo huenea ndani ya uwanja mmoja wa kandanda. Hesabu hiyo nawaomba muiweke akibani, maana nitairudia.

Mtoto ninayemsema ni Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, tarehe 14 Septemba 2006, na angali mdogo jamaa zake wakaihama nchi kwa sababu ya vita, wakaingia Uganda, wakaweka maskani Kawempe, mtaa wa watu wengi katika jiji la Kampala. Mpira wa vikapu hakuujua. Alichokuwa nacho ni kimo, na kimo kisicho na mahali pa kutumika huwa ni mzigo kwa mwenyewe: nguo humfupia kabla hazijachakaa, mlango humtaka ainame, na wapita njia humkodolea macho kama watu wanaotazama kioja. Mwaka 2019, kijana alipokuwa na umri wa miaka 13, mtu mmoja aliyekuwa akipita kwa pikipiki akamwona njiani, akasimama, akamwambia kwamba anafaa kucheza mpira wa vikapu.

Nawaomba mkae kidogo juu ya neno hilo moja: akasimama. Katika yote niliyoyasoma juu ya kijana huyu, na ni mengi, hakuna lililonishika moyo kama hilo. Pikipiki, kama mjuavyo nyinyi mnaozipanda kila siku kutoka Keroka hata Nyamira, ni chombo cha mtu mwenye haraka. Mwenye pikipiki akisimama, amepoteza wakati, na pengine amepoteza abiria na nauli. Naye hakumpa kijana yule fedha wala viatu, alimpa neno tu. Lakini lilikuwa neno la mtu aliyemtazama mgeni akaona ndani yake kitu cha kufaa, na wala si mkimbizi tu wa kuhesabiwa katika orodha ya wanaongoja chakula.

Yaliyofuata nitayapitia upesi, kwa kuwa magazeti yameyaeleza sana. Kijana alijifunza, akaingia katika kambi ya mafunzo ya Luol Deng, mtu nitakayemweleza baadaye, akachukuliwa katika chuo cha NBA, ligi kuu ya mpira wa vikapu ya Marekani, kilichoko Saly nchini Senegal, akacheza katika ligi ya Afrika, na alipokuwa na umri wa miaka 16 alikuwa amevaa fulana ya Sudan Kusini katika Kombe la Dunia la mwaka 2023. Mwaka uliofuata alicheza katika Olimpiki ya Paris, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani. Na usiku wa tarehe 25 Juni 2025 mjini Brooklyn, huku kwetu ikiwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 26, jina lake liliitwa la 10 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akawa wa timu ya Phoenix Suns. Katika uteuzi ule huitwa majina yapatayo 60 tu kutoka dunia nzima. Yule kijana wa sentimita 218 alilia mbele ya kamera, wala hakuficha machozi yake. Kati ya neno la mtu wa pikipiki na usiku ule ilikuwa imepita miaka 6.

Sasa nataka tuulize swali ambalo wasimulizi wengi hulipita. Kwa nini jambo lile lilitokea Kawempe? Watu warefu wa Sudan Kusini wako pia katika kambi ya Kakuma huku Kenya, tena kwa maelfu, tangu kambi ile ilipofunguliwa mwaka 1992. Jawabu langu ni kwamba sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humwachia mkimbizi kutembea, kufanya kazi na kukaa mjini akiweza kujikimu, na kwa hiyo mtoto wa kikimbizi hukutana na watu: na mwalimu, na muuza duka, na mwenye pikipiki anayeujua mpira wa vikapu. Huku kwetu Kenya, kwa muda wa miaka mingi, desturi imekuwa ni kumweka mkimbizi Kakuma au Dadaab, mbali na miji, mahali ambapo wapitao barabarani ni magari ya misaada na mbuzi wa wenyeji. Mwezi Machi 2025 serikali yetu ilizindua Mpango wa Shirika, ambao makusudi yake ni kuzigeuza kambi zile ziwe makazi ya mkimbizi na mwenyeji pamoja, nami nautakia mafanikio kwa moyo wangu wote, kwani ukuta unaomzuia mgeni kutoka unamzuia pia yule ambaye angesimama kumwona.

Hata hivyo Kenya haikukosa sehemu yake katika habari hizi, na ni haki kuisema. Duop Reath, mzaliwa wa Waat, Sudan Kusini, aliishi Kakuma utotoni kabla ya kupelekwa Australia. Akaichezea nchi hiyo iliyompokea, akapata nayo medali ya shaba katika Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 2023 akaingia katika timu ya Portland Trail Blazers. Nuni Omot alizaliwa Nairobi na wazazi walioikimbia vita ya Ethiopia, akakulia Marekani, na mwaka 2023 akatajwa mchezaji bora wa ligi ya Afrika akiwa na Al Ahly ya Misri. Hawa wote walipita katika ardhi yetu, wakanywa maji yake, kisha wakaenda kustawi kwingine. Silisemi hilo kwa kuwalaumu. Nalisema kwa sababu linaniuma.

Waalimu wa zamani wa pwani yetu, kila alipotaka mmoja wao kuonyesha kwamba elimu aliyonayo ni sahihi, hakuanza kujisifu mwenyewe. Aliitaja silsila yake, kwamba amesoma kwa fulani, naye fulani alisoma kwa fulani, mpaka kamba yote ya elimu ikaonekana toka mkono hata mkono. Nami leo nataka kuitaja silsila ya Maluach, kwa sababu naamini kwamba ndani yake mna siri ya kupanda kwake kuliko ndani ya mifupa yake mirefu.

Kabla yake yuko Luol Deng. Huyu alizaliwa Wau mwaka 1985, mwana wa mtu aliyepata kuwa waziri katika serikali ya Sudan, na vita vilipozidi jamaa zake wakakimbilia Misri. Kutoka huko wakapata hifadhi London, na alipokuwa na umri wa miaka 14 akavuka bahari kwenda kusoma New Jersey. Alipita Duke, chuo kile kile. Akateuliwa wa 7 mwaka 2004 na Phoenix, timu ile ile, ingawa siku hiyo hiyo haki zake zilihamishiwa Chicago Bulls, ambako alikaa akawa nyota aliyechaguliwa mara mbili katika mechi ya wachezaji bora wa ligi. Mwaka 2012 aliichezea Uingereza katika Olimpiki ya London, kwa kuwa nchi iliyompa hifadhi ilikuwa imempa na uraia. Na mtu huyu, ambaye angeweza kustarehe katika neema yake mpaka mwisho wa umri wake, akarudi kuuchukua urais wa shirikisho la mpira wa vikapu la nchi changa isiyokuwa na ukumbi hata mmoja wa ndani wa mchezo huo, akawa anagharimia safari na mazoezi kutoka katika mfuko wake.

Na kabla ya Deng yuko Manute Bol, mtu wa Turalei, wa sentimita 231, aliyeingia NBA mwaka 1985, mwaka ule ule aliozaliwa Deng. Bol alipokuwa Misri aliwakuta Deng na ndugu zake katika hali ya ukimbizi, akawafundisha kuushika mpira. Aliaga dunia mwezi Juni 2010, wakati Khaman Maluach alipokuwa mtoto wa miaka 3 asiyejua hata neno kikapu. Basi hawakujuana, wa kwanza na wa tatu. Lakini mkono uliomfundisha Deng Misri ndio uliofika Kampala.

Mkono huo wanikumbusha msemo wetu wa kale, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huutumia kumharakisha mgeni aondoke, lakini mimi sikuuelewa hivyo hata siku moja. Jembe ni heshima. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa miongoni mwa wenye mikono, na amepewa pia shamba la kulilimia, maana jembe bila shamba ni chuma tu.

Na matokeo ya kuwapa wageni jembe na shamba tuliyaona sisi wenyewe, tena kwa uchungu. Wengi wenu mnakumbuka mwezi Februari 2021, kule Yaoundé, Tylor Okari Ongwae alipotumbukiza mpira kikapuni katika dakika ya mwisho kabisa, Kenya ikaishinda Angola, ambao wakati huo walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11, kwa alama 74 kwa 73, nasi tukafuzu kwenda katika mashindano ya Afrika baada ya kuyakosa kwa miaka 28. Majina Okari na Ongwae hayahitaji mkalimani mbele ya msikilizaji wa Gusii, na furaha ya siku ile ilikuwa na ladha ya nyumbani. Lakini mwaka huo huo, kule Kigali, nani aliyetutoa katika mashindano? Ni Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, kwa alama 60 kwa 58. Tulishindwa kwa tofauti ya mpira mmoja na taifa ambalo wachezaji wake wengi walikulia ugenini, baadhi yao katika ugeni wa nchi yetu wenyewe. Siku ile nilihuzunika, sikatai. Lakini tarehe 20 Julai 2024, nilipoona timu ile ile ikicheza London na Marekani yenyewe, ikiongoza kwa muda mrefu, ikapoteza kwa alama moja tu, 101 kwa 100, huzuni yangu ya Kigali iligeuka kuwa fahari, kama fahari ya jirani aliyewahi kumwazima mwenziwe moto.

Siku 8 baadaye, mjini Lille, katika mchezo wao wa kwanza wa Olimpiki, wenye mitambo walikosea wakapiga wimbo wa taifa wa Sudan mahali pa wimbo wa Sudan Kusini. Fikirini maana ya kosa lile kwa watu waliopigania jina la nchi yao kwa miongo ya miaka, wengi wao wakapoteza wazazi katika kulipigania. Walisimama kimya, mikono vifuani, wakangoja. Wimbo ulipopigwa ulio wao, wakaimba, kisha wakaingia uwanjani wakaishinda Puerto Rico kwa 90 kwa 79.

Wala asidhani mtu kwamba mkimbizi akiisha panda, ukimbizi humwacha. Tarehe 5 Aprili 2025 Duke walikuwa wakicheza nusu fainali ya vyuo vikuu mjini San Antonio, nao wakashindwa na Houston kwa 70 kwa 67. Na siku ile ile serikali ya Marekani ilitangaza kwamba viza zote za wenye pasipoti ya Sudan Kusini zimefutwa, kwa sababu ya mzozo juu ya watu waliotakiwa kurudishwa kwao. Katika uwanja ule ulioshangiliwa na maelfu alikuwamo kijana mmoja wa miaka 18 mwenye pasipoti hiyo. Hali alikuwa nguzo ya timu iliyoshinda mechi 35 msimu ule, karatasi moja ilitosha kumrudisha katika yale mashaka ya kwanza, ya mtu asiyejua kesho atalala wapi. Kwa rehema za Mungu, miezi miwili na siku kadhaa baadaye jina lake liliitwa mjini Brooklyn. Lakini siwezi kuisahau siku ile ya Aprili, na naona kwamba anayeisimulia habari ya Maluach pasipo kuitaja hajaisimulia.

Nimefika sasa hapa nyumbani. Huenda mmoja wenu amekwisha kusema moyoni kwamba mambo ya wakimbizi ni ya Turkana na Kampala, na sisi wa Kisii na Nyamira hayatuhusu. Hasha. Sisi tunayajua kuliko wengi. Mwaka 1992 tuliyaona katika mipaka ya Borabu, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati zaidi ya watu 1,100 walipouawa nchini na watu kama laki 6 wakapoteza makwao, maelfu kwa maelfu ya jamaa zetu walirudi vilimani hapa kutoka Bonde la Ufa wakiwa na godoro na sufuria. Wengi wao hawakukaa katika mahema. Walipokelewa na kaka, na shangazi, na mjomba, katika nyumba zilizokuwa zimekwisha kujaa, juu ya mashamba yaliyokuwa yamekwisha kugawanywa. Serikali iliwaita wakimbizi wa ndani waliochanganyika na jamii, na kwa sababu walichanganyika hawakuonekana, na kwa sababu hawakuonekana wengi wao walisahauliwa siku za fidia.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule moja ya msingi upande wa Nyamira, ambayo sitaitaja jina. Shule ilipofunguliwa tulipokea watoto hao, na katika darasa langu aliingia mvulana mmoja mrefu kupita kiasi cha umri wake, mwenye Ekegusii cha lafudhi ya Bonde la Ufa, ambaye magoti yake hayakuingia chini ya dawati hata akaketi upande upande kama mtu aliye tayari kuondoka. Tulikuwa na nguzo moja ya mkaratusi nyuma ya madarasa, yenye chuma cha kikapu kilichopinda, na tulikuwa na mpira mmoja mpya wa vikapu ambao wahisani walituletea, nao tulikuwa tumeufungia ghalani usije ukaharibika kabla ya mashindano ya wilaya. Wakati wa mapumziko mvulana yule alikwenda kusimama chini ya chuma kile, akakitazama, akanyosha mkono, akaruka kidogo, akashuka. Nilimwona mara nyingi. Ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwangu. Sikusimama, nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Mwezi Agosti jamaa zake walihama, na sikuambiwa walikokwenda.

Sisemi kwamba yule angekuwa Maluach. Majina 60 kwa mwaka kutoka dunia nzima ni machache mno, na mzazi amfundishaye mwanawe kutupa vitabu kwa ajili ya mpira anamdhulumu. Nasema tu kwamba alikuwa mgeni kwetu mwenye kimo kisicho na mahali, nasi tulikuwa na mahali.

Kwa wale wenye shule, au kanisa, au msikiti wenye ua ulio wazi, nawapa vipimo hivi. Chuma cha kikapu kina kipenyo cha sentimita 45, na fundi yeyote wa jua kali pale Daraja Mbili anaweza kukikunja na kukichomelea. Kiwekwe mita 3 na sentimita 5 kutoka ardhini; kwa watoto walio chini ya miaka 12 kiteremshwe mpaka mita 2 na sentimita 60. Nguzo za mkaratusi zilizokauka vizuri zinatosha. Ardhi ishindiliwe kwa udongo mwekundu na changarawe, ipate mteremko kidogo wa kupisha maji, maana mvua zetu mnazijua. Na kama mita 28 hazipatikani, nusu yake inatosha kuanzia, kwani duniani kote watu hucheza watatu kwa watatu kwenye kikapu kimoja.

Nilistaafu mwaka 2016. Siku ya kukabidhi ofisi nilifungua lile ghala pamoja na mwalimu aliyekuja kunirithi, tukahesabu majembe, ndoo, na vitabu vya zamani. Na juu ya rafu, nyuma ya makopo ya rangi, mpira ule ulikuwa bado upo, mpya vile vile, umeisha upepo.